Kasoro Iliyokuwepo

Karatasi mbili mezani, moja chini ya sufuria, moja chini ya kikombe,
upepo wa Buruburu usije ukanichagulia.
Hii ya Kinga Imara: elfu thelathini na saba na mia tano.
Hii ya Stahimili: elfu arobaini na mbili kasoro shilingi moja,
kana kwamba ni hiyo shilingi ingenifilisi.

Nimevaa miwani. Miaka thelathini ya wodini
nilisoma mwandiko wa madaktari;
maandishi madogo hayanitishi.
Kinga Imara watalipa kioo cha pembeni
mara moja tu kwa mwaka.
Mara moja! Waambiwe basi wale wa bisibisi
waliokuja Januari wakabeba cha kulia,
wakarudi Machi kumfuata pacha wake.
Stahimili wanalipa vioo, ila mafuriko wameyaweka kando,
na ghasia uziongezee pesa.
Sasa katika jiji hili, ukitoa mvua ya Aprili
ukatoa na maandamano,
kimebaki nini cha kukatia bima?
Labda wale ng'ombe wanaochungwa kando ya barabara kuu.

Chelagat wa Kinga Imara, sauti ya asali,
amenipigia mara nne tangu Jumatatu.
Yule wa Stahimili nilimpigia mimi.
Alikuwa anakula. Akaniomba radhi, akameza,
akasema bei haishuki.

Nikaenda kwa fundi Musyimi, kule Viwandani.
Sikumuuliza nani rahisi. Nilimuuliza nani hulipa.
Akafuta mikono kwenye ovaroli, akanionyesha uwanja:
"Yale matatu ni ya Kinga Imara."
Nyasi zilishapanda hadi kwenye magurudumu.
Ndani ya lile la kijani paka amezaa,
wanawe wamefumbua macho,
mkaguzi hajafika.
"Na ya Stahimili?"
"Hayakai hapa. Ila wakikuletea mlango,
ni wa gari jingine, na rangi yake ya jirani."
"Kwa hivyo?"
"Kwa hivyo nini, mama? Endesha polepole."

Stahimili wakamtuma kijana, Kiptanui,
tochi ya simu mkononi, goti moja kwenye changarawe.
Alizunguka gari akinong'ona na fomu yake:
taa, sawa; buti, sawa; kioo cha mbele, mchirizi.
Kwenye mlango wa kushoto akasimama.
"Na hili bonyeo?"
"La zamani," nikasema.
Akaandika: kasoro iliyokuwepo awali, haitafidiwa.

Hakuandika kwamba ilikuwa Jumapili,
Nyangau ana miaka kumi na minane na herufi nyekundu nyuma,
akirudi kinyumenyume kama mwenye kuoga gizani,
hadi nguzo ya kuanikia nguo ikasema basi.
Shuka zangu zikaanguka juu ya paa.
Akatoka kashika kichwa kama aliyeua mtu,
nami nikacheka mpaka nikakaa chini, kwenye saruji, na kanga yangu ya kanisani.
Sasa anaendesha basi la wafanyakazi huko Doha.
Barabara zimenyooka, husema, hakuna hata cha kugonga.
Huu ni mwaka wa sita.

Musyimi angelinyoosha kwa elfu nne.
Kila huduma ya gari hunikumbusha,
kila huduma namwambia mwezi ujao.

Nimetia sahihi kwa Stahimili, nimelipa nusu kwa simu,
nusu nyingine mwisho wa mwezi Mungu akipenda.
Chelagat nilipomwambia alinyamaza kidogo,
kisha akasema tutaongea mwakani, na nikaamini.
Stika imebandikwa, imepinda pembe ya juu.

Asubuhi nafungua mlango wa kushoto niweke kikapu,
kiganja kinateleza juu ya bati
kinaingia bondeni, kinatulia.
Haitafidiwa, ameandika.
Nami sijadai.